Sabuni Ije Kabla ya Chakula

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo dogo lifanyikalo katika kila nyumba, wala watu hawaliangalii sana: kunawa mikono.

Wakati wa masika tulialikwa chakula katika nyumba moja hapa Mbezi Beach. Kabla ya kula, binti wa nyumba alileta birika na bakuli, akapiga magoti, akatumiminia maji mmoja mmoja. Sabuni haikuwapo. Tukala wali na samaki. Tulipokwisha, binti akarudi na birika lile lile, na safari hii akaleta sabuni, tupate kuondoa shombo. Hapana aliyeona ajabu, maana ndivyo tufanyavyo wengi wetu.

Lakini mmoja wetu alikuwa na mafua. Alikuwa ameshika bomba la daladala tangu Mwenge, huku akipenga kamasi, kisha akapeana mkono na kila mtu mlangoni. Siku chache baadaye bibi wa nyumba ile alishikwa na homa, na mjukuu wake anyonyaye akaanza kukohoa. Kama ugonjwa ule ulitoka kwetu, hatuwezi kuapa. Lakini tuliona haya. Wazee walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Je, sisi tulileta uponyaji, au tulileta homa? Na sabuni, je, ni kwa ajili ya samaki tu, isiwe kwa ajili ya ndugu?

Homa ya mafua si ya kudharauliwa, hasa kwa wazee, watoto wachanga na wanawake wajawazito. Mwaka wa 1918 ilifika Mombasa kwa meli, ikapanda bara kwa reli. Na Tanganyika, iliyokuwa imekwisha choshwa na vita, ikazika watu maelfu kwa maelfu. Siku zile hapana aliyejua kiini chake. Virusi vya mafua ya wanadamu vilitambuliwa huko Uingereza mwaka wa 1933. Basi wazee wetu walikuwa na udhuru, sisi hatunao.

Virusi hivyo husafiri zaidi kwa pumzi, kikohozi na chafya. Lakini vyaweza pia kukaa juu ya kitu kigumu, kama kitasa cha mlango, hata siku nzima au zaidi. Mkono ukivigusa, kisha ukagusa macho, pua au kinywa, vimekwisha ingia. Navyo vimevikwa utando wa mafuta. Kila mpishi ajua ya kuwa maji matupu hayaondoi mafuta katika sufuria. Sabuni ndiyo iyavunjayo, na maji yatiririkayo huyachukua.

Kwa hiyo desturi ya kummiminia mgeni maji ni njema sana, tena yapita mbali ile ya watu wengi kuchovya mikono katika bakuli moja. Kilichopungua ni sabuni, na wakati wake.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tunawe kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kupika na kabla ya kumpakata mtoto. Na tena baada ya kutoka chooni na baada ya kupenga kamasi. Pili, tusugue kwa muda wa sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole na chini ya kucha. Tatu, akohoaye azibe kinywa kwa kiwiko, wala si kwa kiganja. Na mwenye homa akae nyumbani, madirisha yawe wazi.

Maji yakikatika, tusikate tamaa. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyagia, hutumia maji kidogo. Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, ndoo zenye koki zilisimama milangoni pa maduka na shule. Nyingi zimekwisha rudi jikoni. Walimu, zirudisheni mlangoni.

Tulikwenda tena kumjulia hali bibi yule, tukamkuta ameketi barazani, na mtoto anacheza. Chakula kilipoandaliwa, tuliomba sabuni. Binti akastaajabu: “Mwalimu, mbona hamjala bado?”

Tukamjibu, “Ndiyo maana, mwanangu.”