Kwaya Nzuri Haitoshi

Ruiru na Thika zimejaa waimbaji. Kikundi cha kanisa au cha mtaa kikiamua kuigiza tamthilia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, kama Les Misérables iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1985, sauti hazikosekani. Kinachokosekana ni mazoea ya kujibizana kwa wimbo. Katika kazi ya namna hii hakuna mazungumzo ya kupumzikia: anayedai kodi anaimba, anayeomba msamaha anaimba. Kwaya hufundishwa kulainisha maneno ili sauti zipatane. Jukwaani neno likimezwa, kisa kimekatika.

Hata hivyo, ujuzi wa kujibizana kwa wimbo tunao hapahapa Kiambu. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ndani yake mna gĩtiiro, majibizano ya ndoa yanayoimbwa na wanawake, upande wa bibi harusi na upande wa bwana. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza baadaye kwamba maneno ya gĩtiiro hiyo alitajiwa neno kwa neno na mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma. Mimi humhesabu mama huyo miongoni mwa walimu wetu wakubwa wa jukwaa.

Tazama majibizano ya aina hiyo yanavyofanya kazi. Sauti ya wimbo ni fupi na inarudiwa, kwa hiyo sikio halihangaiki na muziki, linafuata maneno. Upande mmoja unauliza, wa pili unajibu, na wanaoitikia wanampa kiongozi nafasi ya kuvuta pumzi na kupanga hoja yake. Watunzi wa opera wa Ulaya nao, kisa kilipotakiwa kwenda mbio, walipunguza mapambo ya sauti na kuuacha wimbo ufuate mwendo wa kusema.

Kwa hiyo, kinanda kisubiri. Waigizaji waseme maneno yote kwanza bila sauti ya wimbo, wakitazamana, mpaka kila swali lidai jibu. Kisha wakubaliane mahali pa kuvuta pumzi. Mkiimba tafsiri ya Kiswahili, chungeni mkazo: kwetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na noti ndefu ikikaa kwingine, hadhira husikia sauti tamu isielewe neno. Ruhusa ya mwenye haki za kazi iombwe mapema, kabla ya kugawa nafasi.

Kamĩrĩĩthũ walifanya mazoezi hadharani, wanakijiji wakitazama na kusahihisha. Serikali ilifuta kibali cha maonyesho mwezi Novemba 1977, na Desemba ikamkamata Ngũgĩ wa Thiong'o. Alizuiliwa katika gereza la Kamiti, jirani kabisa na Ruiru. Mwaka 1982 kikundi kilirudi na tamthilia ya Maitũ Njugĩra, yenye nyimbo zaidi ya 80. Kikafungiwa mlango wa Kenya National Theatre, na jukwaa la kijijini likabomolewa. Ngaahika Ndeenda ilifika kwenye ukumbi huohuo wa taifa mwaka 2022.

Kila mtaa wa Ruiru una mama anayeongoza nyimbo kwenye ruracio, sherehe ya mahari, anayejua lini awaachie wenzake waitikie na lini awakate. Mwalikeni wiki ya kwanza ya mazoezi, akae kando ya mwongozaji, na awe na ruhusa ya kusimamisha wimbo.