Moshi Haujui Mpaka

Mkulima, bila shaka umesikia maneno haya mara nyingi: "Sigara nimeinunua kwa fedha yangu, na kifua ni changu. Yawahusu nini wengine?" Maneno haya huleta ubishi mkubwa katika matatu, hotelini na hata kwenye mikutano ya chama cha ushirika. Yafaa tuyapime.

Fikiri habari ya ng'ombe. Mtu mmoja katika skimu akikataa kupeleka ng'ombe wake joshoni, atasema ng'ombe ni wake na hasara ni yake. Lakini kupe hawajui mpaka. Watapita chini ya seng'enge, na ng'ombe wa jirani wataugua. Moshi wa sigara ni hivyo hivyo. Mvutaji huvuta sehemu yake, na moshi unaobaki huvutwa na kila mtu aliye karibu, hata mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alitoa habari za wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta sigara, waliofuatwa kwa miaka 14. Wale ambao waume zao walikuwa wavutaji sana walikufa kwa kansa ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Tena jambo hilo lilionekana hasa katika jamaa za wakulima. Leo madaktari wanajua pia kwamba moshi huo huleta ugonjwa wa moyo kwa watu wazima, na kwa watoto huzidisha pumu, nimonia na maumivu ya masikio.

Kwa sababu hiyo Kenya ilipata Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Ni marufuku kuvuta sigara ofisini, hospitalini, sokoni, mahali pa ibada na katika magari ya abiria. Mwenye kuvunja sheria hiyo aweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili.

Wengine hujibu: "Mbona moshi wa kuni jikoni ni mwingi zaidi?" Ni kweli, moshi wa kuni nao hudhuru. Lakini mwenye mzigo mzito hasaidiwi kwa kuongezewa mwingine. Weka jiko lenye bomba la kutoa moshi, na sigara nayo itoke nje.

Nyumbani kwako askari hawezi kukaa kila jioni akilinda. Huko mlinzi ni wewe. Kufungua dirisha hakutoshi. Kuvutia katika chumba cha pili hakutoshi, maana moshi hupita chini ya mlango. Kanuni ni moja tu: asivute mtu ndani ya nyumba.

Je, mgeni akiwa mzee wa kuheshimiwa? Usimwaibishe. Weka benchi chini ya mti, mbali na mlango, na umwambie, "Karibu mzee, kiti chako kiko hapa penye kivuli." Mpelekee chai huko huko. Heshima yake itabaki, na watoto wako watapumua hewa safi.

Na wewe mwenyewe ukiwa mvutaji, lililo bora ni kuacha kabisa. Kama bado hujaweza, benchi hilo liwe lako pia, kuanzia jioni ya leo.