Mbwa wa Kongo na kitabu kilichofungwa

Hapa Kamanyola na katika uwanda wote wa Ruzizi mbwa hulinda mbuzi, hulinda nyumba usiku, na wengine hufuata wenyewe porini kuwinda. Siku hizi wapo pia wanaotafuta mbwa wa kizungu kwa pesa nyingi, huku wakimdharau mbwa wa kijiji. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari ya mbwa mmoja wa nchi yetu, ambaye kwa ajili yake chama kikubwa cha ng'ambo kililazimika kugeuza sheria yake.

Kwanza tueleze vyama hivyo hufanya nini. Kule Ulaya na Marekani mbwa wa aina fulani huandikwa katika kitabu cha ukoo: baba yake nani, mama yake nani. Chama cha Uingereza, Kennel Club, kilianzishwa London mwaka 1873. Kila aina imewekewa kanuni za urefu, rangi, kichwa na mkia. Mbwa anayelingana na kanuni hushinda katika maonyesho, na dume aliyeshinda ndiye anayetafutwa kupanda majike wengi. Kitabu kikifungwa, mbwa ambaye wazazi wake hawakuandikwa haingii, hata awe na afya namna gani.

Basenji ni mbwa mdogo wa Kongo, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, asiyebweka kama wengine. Jina lake ni ndugu wa neno "washenzi", ambalo watu wa mjini walilitumia kuwadharau watu wa kijijini. Waingereza walichukua wachache kutoka Kongo wakawaonyesha London, katika maonyesho ya Crufts, mwaka 1937. Katika miaka ya 1940 chama cha Marekani, American Kennel Club, kikawakubali pia. Wachache hao wakawa mababu wa karibu Basenji wote wa ng'ambo, na kitabu kikafungwa.

Hapo ndipo taabu ilianza. Magonjwa mengi ya kurithi hujificha. Mbwa aliyepokea kasoro kutoka kwa mzazi mmoja tu huonekana mzima kabisa. Lakini akizaa na mwenzake mwenye kasoro ile ile, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Wazazi wasio na undugu hukutana na kasoro moja kwa nadra. Wazazi wa ukoo mmoja hukutana nayo mara nyingi.

Basenji walipatwa kwanza na ugonjwa wa upungufu wa damu. Wafugaji walipata kipimo chake, wakaacha kuzalisha kila mbwa aliyebeba kasoro. Nia yao ilikuwa njema, lakini ukoo uliokuwa mdogo ukazidi kupungua. Ukafuata ugonjwa wa Fanconi: figo hushindwa kurudisha sukari na vitu vingine mwilini, vyote vikatoka na mkojo, mbwa hunywa maji mno na kukonda. Mara nyingi dalili huonekana akiwa na miaka 4 hadi 7, baada ya kuzaa. Bingwa wa maonyesho aliweza kueneza kasoro katika nyumba nyingi kabla mwenyewe hajaonyesha dalili.

Msaada ulitoka wapi? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji Wamarekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, wakatafuta mbwa vijijini. Mbwa hao hawakuwa na karatasi yoyote. Mwaka 1990, kwa ombi la chama cha wafugaji wa Basenji, kitabu kikafunguliwa, na mbwa 14 wakaandikwa. Rangi ya milia, ambayo kanuni haikuitambua, nayo ikakubaliwa. Mwaka 2009 kitabu kilifunguliwa tena.

Ujuzi nao ukaongezeka. Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha DNA cha Fanconi mwaka 2007, na kilicho kamili zaidi mwaka 2011. Safari hii wafugaji hawakulazimika kumwacha kila mwenye kasoro. Wanaweza kumpandisha na asiye nayo, na hakuna mtoto atakayeugua.

Uingereza pia ilitikisika. Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilionyesha mbwa wa ukoo safi wanaoteseka kwa sababu ya umbo walilochaguliwa. Mwaka 2009 Kennel Club ilirekebisha kanuni zake, ikakataa kuandika watoto wa ndugu na dada, au wa mzazi na mtoto wake.

Sisi hatuna kitabu cha ukoo hapa Kamanyola, lakini shauri hili linatuhusu. Anayefuga dume na jike wa tumbo moja asiwaache wazae. Atafute dume wa mbali, hata wa kijiji kingine. Asichague mzazi kwa sura tu, bali aulize kama anapumua vizuri, anakimbia, ana tabia tulivu. Jike asibebeshwe mimba angali mchanga, na akishazaa apumzike. Mimba huchukua karibu siku 63. Kabla hazijaisha, mwenye mbwa ajue watoto watakwenda kwa nani, wasije wakatupwa njiani. Na wote wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua watu, hasa watoto wetu.

Methali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Haisemi neno juu ya rangi wala mkia. Kanuni yoyote ya ufugaji ipimwe hapo: je, inalinda uhai wa mnyama, au inalinda sifa ya mwenye mnyama? Waliojivunia ukoo safi walikuja kutafuta uzima kwa mbwa wa vijijini kwetu. Basi tusimdharau aliye mlangoni petu.