Je, Wajua? Sumaku Haivuti Damu

Bangili ya sumaku huuzwa kwa madai kwamba damu ina chuma, kwa hiyo sumaku huivuta, huipa mwendo mzuri na kushusha presha bila dawa. Chuma kweli kimo: mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4, na sehemu kubwa iko ndani ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Lakini si chuma cha msumari. Msumari hunata kwenye sumaku kwa sababu atomi zake zimesongamana na kuelekea upande mmoja. Ndani ya himoglobini kila atomi imefungwa peke yake, mbali na wenzake.

Mwaka 1936 wanakemia wawili wa Marekani, Linus Pauling na Charles Coryell, walichapisha vipimo vilivyofichua jambo la ajabu zaidi. Himoglobini iliyobeba oksijeni kutoka mapafuni haivutwi kabisa na sumaku, bali husukumwa, tena kidogo sana. Ikishaiacha oksijeni mwilini ndipo huvutwa, nako ni kidogo mno. Mashine nyingi za MRI zina sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5, inayoipita mbali bangili yoyote, na mgonjwa hulala humo bila damu yake kukimbilia upande wowote.

Wanaoapa kwamba bangili imewasaidia hawasemi uongo. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima: anayepimwa mara tu afikapo kwa miguu hupata kipimo cha juu, akitulia dakika 5 kinashuka, na sifa huenda kwa bangili.

Ubaya ni pale vidonge vinapoachwa. Presha haiumi. Aliyeandikiwa dawa Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, anaweza kuziacha miezi kadhaa akijiona mzima, huku moyo na figo vikiharibika, mpaka kiharusi kimwangushe. Kumuuzia mtu huyo sumaku badala ya dawa ni dhuluma. Sumaku pia huweza kuvuruga kifaa kilichopandikizwa kuongoza mapigo ya moyo.

Tiba zisizo dawa zipo, ila hazina wa kuzinadi: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na ya kwenye ng'onda ihesabiwe, kula mbaazi na mboga za majani, vyakula vya kawaida Masasi na Newala, kutembea, kupunguza unene, kuacha sigara, uraka na gongo. Mwenye bangili na aivae akipenda, lakini asiache kidonge hata kimoja bila kauli ya daktari.