Jua la utosi lilivyonigeuzia kunguru!

Wiki hii naomba univumilie, sina stori ya mapenzi wala ya wasanii. Nina stori ya ndege. Ndiyo, hawa hawa wenye mabawa, ambao nusura wanikoseshe kodi ya chumba.

Ilianza hivi. Mwenye nyumba ya wageni mmoja pale Mikumi mjini aliziona picha zangu za harusi, akanipa kazi: picha kumi za ndege wa wilaya yetu ya Kilosa, azitundike ukutani mapokezi. Malipo yake yalikuwa mshiko wa kodi ya miezi mitatu. Asipozipenda, sipati hata nauli. Baba mwenye nyumba wangu kule Kilosa alikuwa ameshanipa wiki mbili za mwisho, sasa ningekataaje? Nikaazima kamera kwa mjomba, nikaingia kazini.

Wataalamu hupiga ndege asubuhi na jioni, jua likiwa chini na mwanga ukiwapiga ubavuni. Sisi wenzangu na mie tunapiga gari likipatikana. Niliunga kwenye gari la watu waliokuwa wanaingia hifadhini, na tulipofika bwawa la viboko ilikuwa saa sita kamili.

Tena ilikuwa katikati ya Oktoba. Mikumi ipo kusini ya Ikweta kwa nyuzi 7 na ushee, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba, jua la mchana linakukalia utosini kabisa. Ndege anang'aa mgongoni, lakini tumbo, macho na miguu vinazama gizani.

Mimi sikujali, nilikandamiza kitufe ile mbaya. Nikampiga yangeyange ukingoni mwa bwawa, nikampiga hondohondo yule mkubwa anayetembea chini kwenye nyasi zilizoungua. Kesho yake mchana nikamalizia na kunguru juu ya paa la stesheni ya Kilosa.

Usiku nikafungua kompyuta. Jamani! Yangeyange alikuwa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi, bila unyoya hata mmoja. Hondohondo alikuwa gunia la mkaa lenye mdomo.

KAMERA SIYO JICHO

Utaniuliza, mbona kwa macho niliwaona vizuri? Jicho lina ujanja. Ukitazama kwenye mwanga mboni inajikunja, ukitazama kivulini inafunguka, na ubongo unaunganisha yote. Kamera inachota mara moja tu, basi.

Chukulia umetega ndoo nyingi uwanjani mvua inyeshe, kila ndoo ni nukta moja ya picha. Ndoo ikishajaa, maji mengine yanamwagika, na huwezi kujua tena ilinyesha kiasi gani. Huo ndiyo weupe ulioungua: ndani hakuna habari ya manyoya. Ndoo ya kivulini ina maji kidogo, lakini ina kitu. Ukiyakuza unaona, ila yanakuja na takataka, zile chengachenga kama televisheni isiyoshika stesheni.

Halafu kuna suala la faili. Faili la JPEG lina ngazi 256 kwa kila rangi, kutoka giza mpaka weupe. Faili ghafi, lile ambalo kamera haijalipika, lina ngazi 4,096 au hata 16,384. Ukivuta kivuli kwenye JPEG, rangi inakatikakatika haraka. Kwenye faili ghafi una nafasi ya kucheza.

Bahati yangu, mjomba aliniwekea kamera kwenye faili ghafi, akaniambia kwa ndege mweupe nipunguze mwanga. Nilikumbuka nusu ya safari, nusu nyingine nikasahau.

HAPO NDIPO NILIPOCHEMSHA

Kucheza na mwanga hakukuanza na simu zetu. Enzi za chumba cha giza, fundi alikinga mkono kati ya taa na karatasi ili sehemu fulani isiwe nyeusi mno. Mwaka 2003 programu ya Photoshop ikaleta kifaa cha vivuli na mwanga mkali peke yake. Leo vipimo hivyo viwili viko kwenye programu tele za simu: kimoja kinainua vivuli, kingine kinashusha mwanga mkali.

Mimi nikavivuta vyote mpaka mwisho. Kwenye kioo cha simu, usiku, picha ikaonekana bomba! Nikachapisha kumi, nikapanda gari la Mikumi nikijiona tajiri.

Bosi alizipanga mezani, akakaa kimya. Pembeni alikuwepo mzee mmoja mwongoza watalii, anakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Huyu kunguru umempigia wapi?"

"Kilosa, stesheni."

"Mbona shingo yake ya kijivu? Kunguru wetu wa huku ana fulana nyeupe, kifuani mpaka shingoni. Wa shingo ya kijivu ni yule mgeni, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890. Akavuka, akaijaza Dar es Salaam. Anakula mayai na makinda ya wenzake. Ukimtundika huyu hapa, mtu anayejua ndege ataandika kwamba kashatua stesheni yenu."

Nilishikwa na baridi na lile joto lote. Nilikuwa nimeshusha mwanga mkali mpaka fulana nyeupe ikawa kijivu. Kumbe sikurekebisha picha, nilibadilisha ndege!

Mzee hakuishia hapo. "Na yangeyange huyu mdogo, soksi zake ziko wapi?" Kumbe ana miguu myeusi lakini vidole vya njano, kama kavaa soksi, na ndivyo anavyotambulika. Mimi niliikata miguu yake kwa kuwa ilikuwa gizani. Bosi akanirudishia bahasha. "Njoo Jumatatu."

NILIVYOREKEBISHA

Safari hii nilianza upya na mafaili ghafi, nikawa mpole.

Kwanza niliangalia histogramu, kile kichoro cha vilima. Kilima kikiegemea ukuta wa kulia, weupe umeungua. Picha moja ya yangeyange ilikuwa hivyo. Nikiushusha mwanga napata kijivu kitupu, nikaitupa.

Pili nilishusha mwanga mkali kidogo kidogo, nikasimama manyoya yalipoanza kutengana. Fulana ya kunguru ikabaki nyeupe.

Tatu niliinua vivuli mahali panapohitaji tu: jicho, tumbo, miguu. Ukiinua picha nzima, weusi unakuwa majivu na ndege anazungukwa na mstari wa mwanga kama malaika wa kwenye kalenda. Vidole vya njano vya yangeyange vikatokea. Kwa hondohondo nilipandisha kivuli cha kichwani taratibu, na ghafla nikaona kope! Ndefu, nzuri, kama katoka saluni. Mwili nikauacha mweusi, maana ndivyo alivyo.

Mwisho nilizima kompyuta, nikazitazama tena asubuhi. Macho ya usiku yanakubali chochote.

Jumatatu mzee alizichambua moja moja, akasema, "Hawa nawajua." Bosi akalipia tisa, ya kumi akaikata. Sikubishana, ile yangeyange niliiunguza mwenyewe. Kodi nililipa, miezi miwili na ushee.

Msomaji wangu, usidhani haya ni ya ndege tu. Bibi harusi mweusi ndani ya shela jeupe, saa saba mchana, ni mtihani ule ule. Linda shela lisiungue, kisha uinue uso kidogo, mpaka atambulike na mama yake. Ukizidisha, unampa bwana harusi mke mwingine, na hapo itakuwa kasheshe.

Tuonane wiki ijayo!