Ipashe Moto Kwanza, Ndipo Ulipe

Zamani, ndugu msomaji, mitumba ilikuwa nguo na viatu. Mama alilishika shati, akalinyosha juani, akatazama ukosi na kwapa, akajua kama litavaliwa mwaka mzima au litachanika siku ya kwanza ya kufuliwa. Siku hizi, hata katika nyumba zetu za kambini, vijana hununua mitumba ya namna nyingine: simu, kompyuta, na vipande vya ndani ya kompyuta. Vitu hivyo havina ukosi wala kwapa, na mzazi anayetoa fedha hujikuta akitegemea maneno ya muuzaji peke yake.

Leo twapenda kuzungumza juu ya kipande kimoja kiitwacho kadi ya michoro. Ni bamba linalochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, nalo ndilo linalochora picha zote zionekanazo kwenye kioo. Afanyaye kazi ya kuunganisha filamu za harusi, achoraye ramani za nyumba na achezaye michezo ya kompyuta, wote huihitaji. Kadi yenye nguvu, ikiwa mpya, ni ghali. Kwa hiyo wengi hununua iliyokwisha kutumika. Na sehemu ya kwanza kuchakaa katika kadi hiyo, mara nyingi, ni feni zake za kupoza.

Yaliyotupata sisi

Mwaka 2023 mwanangu, aliyekuwa amemaliza shule ya sekondari, alianza kazi ya filamu za harusi. Kompyuta yake ilikuwa nzito mno. Filamu ya saa moja ilimkesha usiku kucha. Baba yake, ambaye ni askari na wakati huo alikuwa mbali kazini, alituruhusu kuchukua shilingi 450,000 tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya karo ya binti yetu mdogo. Tulitumaini kwamba harusi mbili tu zingezirudisha kabla shule hazijafunguliwa.

Tulikwenda mjini Kampala katika duka moja la vyombo vilivyotumika. Kadi ilikuwa safi, imefutwa vumbi, ina feni mbili. Muuzaji akaichomeka katika kompyuta yake, picha ikatokea kwenye kioo. Lakini feni hazikuzunguka.

"Mbona feni zimelala?" nikauliza.

"Usiwe na wasiwasi, mama," akajibu kwa upole. "Kadi za siku hizi haziamshi feni mpaka zipate moto. Ndiyo sababu hazina kelele."

"Na moto huo tutauona wapi?"

"Nyumbani, mama. Kijana akianza kazi yake, zitaamka zenyewe."

Nilitazama saa. Gari la kuturudisha lilikuwa linajaa. Tukalipa.

Jioni ile mwanangu alianza kazi. Baada ya robo saa hivi tulisikia harufu ya vumbi lililoungua, kisha kioo kikawa cheusi na kompyuta ikajizima. Tulipofungua sanduku tuliona feni moja imekwama kabisa. Ya pili ilikuwa ikizunguka kwa shida, ikilia kama cherehani isiyotiwa mafuta tangu mwaka juzi. Kesho yake tulirudi dukani. Muuzaji hakubishana nasi. Alionyesha tu karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Ukweli nusu

Nimeyafikiri sana maneno ya muuzaji yule, na sharti niseme kwamba hayakuwa uongo mtupu. Ni kweli kwamba kadi nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi iliyopita husimamisha feni zake kwa makusudi wakati hazina kazi nzito, na huziamsha joto linapofika nyuzi 50 au 60 hivi. Feni iliyolala kwenye kadi baridi si lazima iwe mbovu. Lakini feni iliyokufa nayo, kwenye kadi baridi, hulala vivyo hivyo. Nzima na mbovu hufanana kama pacha, mpaka kadi ipate moto. Hapo ndipo tulipokosea: tuliyakubali maelezo, tusiyangojee majaribio.

Joto hilo si jambo dogo. Kadi ya AMD Radeon RX 580, iliyotolewa mwaka 2017 na ambayo bado hupatikana sana katika mitumba, hula umeme wa wati 185 ikiwa kazini. Hizo ni karibu sawa na balbu tatu za zamani za wati 60, na sehemu kubwa ya joto lake hutoka katika chipu moja ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Joto hupita katika dawa nzito iliyopakwa juu ya chipu, likaingia katika shaba, likasambaa katika mapezi membamba ya alumini, kisha feni hulipeperusha. Feni isipozunguka, mapezi hujaa joto lisilo na pa kwenda.

Kwa bahati njema watengenezaji walilifikiri jambo hilo. Kadi za Nvidia GeForce GTX za mfululizo wa 10, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, huanza kujipunguzia kasi chipu ikifika nyuzi 83 hivi, na joto likizidi sana hujizima. Kwa hiyo feni ikifa leo, kadi haiungui leo hii. Inayoumia ni kadi iliyoachwa katika joto hilo miezi na miezi. Basi swali la kumwuliza muuzaji si kama feni ni mbovu tu, bali imekuwa mbovu tangu lini.

Kadi hizi zatoka wapi?

Katika miaka ya 2020 na 2021 kadi za michoro ziliadimika duniani. Sababu moja ilikuwa watu waliozinunua kwa wingi ili kuzalisha fedha za kidijitali, hasa ile iitwayo Ethereum. Tarehe 15 Septemba, 2022, Ethereum ilibadili utaratibu wake, na kadi za michoro hazikuhitajika tena kwa kazi hiyo. Kadi nyingi zikamwagwa katika masoko ya mitumba.

Kadi iliyofanya kazi hiyo mchana na usiku kwa miaka miwili imezungusha feni zake karibu saa 17,520. Kijana anayetumia kompyuta saa nne kwa siku angehitaji miaka 12 kuzifikia saa hizo. Chipu yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa, kwa kuwa haina kitu kizungukacho. Lakini feni ina beringi, beringi ina grisi, na grisi hukauka. Ongeza hapo vumbi jekundu la barabara zetu, nawe utaelewa kwa nini feni ndiyo itanguliayo kufa.

Namna ya kuikagua

Kwanza, umeme ukiwa umezimwa, izungushe kila feni kwa kidole. Feni nzima huenda kwa wepesi na kusimama polepole. Inayokwaruza, inayokwama au inayochezacheza katika kitovu chake imechakaa. Tazama kama pangaboi zake zote zipo, maana likikatika moja, feni hutetemeka na beringi huharibika upesi. Tazama pia vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, kadi imekwisha kufunguliwa, nawe waweza kuuliza kwa nini.

Pili, ipashe moto kadi hapo hapo dukani. Zipo programu za bure kwa kazi hiyo: FurMark huitwisha kadi kazi nzito, na GPU-Z huonyesha nyuzi za joto na mizunguko ya feni kwa dakika. Ngoja dakika 15 kwa saa yako, wala usiyategemee maandishi ya kiooni peke yake. Tazama kwa macho kwamba kila feni inazunguka, kwa sababu katika kadi nyingine feni moja huweza kusimama wakati mwenzake anasomeka vizuri. Sikiliza pia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na feni ikilia ni vivyo hivyo. Joto likipanda bila kutulia, au picha ikikatika, acha kadi hapo. Na muuzaji akisema hana nafasi ya majaribio, mshukuru na uondoke.

Tatu, usiikimbie kadi kwa sababu ya feni peke yake, ikiwa muuzaji amekwambia kweli. Feni ni kipande cha bei nafuu na fundi hodari huibadilisha kwa bisibisi. Ulizia kwanza bei ya feni na ujira wa fundi, kisha uviondoe katika bei ya kadi. Feni mpya sharti ilingane na ya zamani: upana wake, nafasi ya matundu ya skrubu, idadi ya nyaya, na umbo la plagi. Tone moja la mafuta ya cherehani katika kitovu huweza kuifufua feni iliyokauka, lakini hayo ni matibabu ya muda tu. Mafuta ya kupikia hayafai kamwe; huganda, yakashika vumbi. Fundi akiyang'oa mapezi ya kupoza, asiyarudishe bila kuifuta dawa ya zamani juu ya chipu na kupaka mpya.

Nne, dai hati ya malipo yenye jina la muuzaji, namba ya simu, namba iliyochapwa kwenye kadi, na siku ulizopewa za kuirudisha. Sisi jamaa za askari na polisi twajua kuliko wengine kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa, na hati hiyo ni ngao yako.

Mwisho wa habari yetu

Kadi yetu haikufa. Fundi aliibadilishia feni zote mbili, akapaka dawa mpya, na mpaka leo inafanya kazi. Lakini tulipojumlisha gharama, tulikuta tumelipa sawasawa na bei ya kadi nzima tuliyoiona katika duka la jirani na kuiita ghali. Harusi ya kwanza ilimpita mwanangu kwa kukosa chombo. Shule zilipofunguliwa, binti yetu alikaa nyumbani siku tisa akingoja karo, akiwatazama wenzake wakipita na sare zao. Siku hizo tisa ndizo bei ya dakika 15 ambazo sikutaka kungoja dukani.

Siku hizi wenzake wakitaka kununua kadi, humchukua mwanangu awasindikize. Muuzaji akisema kwamba feni huamka kadi ipatapo moto, yeye huvuta kiti na kujibu kwa adabu, "Ni kweli, kaka. Basi tuipashe, tungoje pamoja."