Mkondoa, mto wa Kilosa unaoanzia Dodoma

Maji ya Mto Mkondoa huanza safari katika nchi kavu ya Dodoma, yakavuka mpaka wa mkoa kati ya milima ya Rubeho na Ukaguru, kisha yakatandaa kwenye uwanda wa Kilosa mkoani Morogoro. Upande wa Mpwapwa mto huitwa Kinyasungwe. Huko Ugogoni, nchi ya Wagogo, mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kiangazi kikikolea, mto hubaki mchanga mtupu, na maji ya kunywa huchimbwa humo humo mchangani.

Kwenye bonde la Kidete hali hubadilika. Milima ya pande zote mbili ni ya Tao la Mashariki, na misitu ya vileleni hunasa ukungu na mvua zitokazo Bahari ya Hindi. Vijito vya misitu hiyo ndivyo vinavyoulisha Mkondoa wakati Dodoma hakuna hata tone.

Bonde hili ni njia ya zamani ya kwenda bara. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alilipita mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, na Wajerumani wakapitisha humo reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ni njia nyepesi lakini ya hatari. Mashamba na malisho yaliyokatwa miti huko juu humomonyoka kila masika. Bondeni maji huenda kasi na kubeba udongo wote. Yakifika Kilosa kwenye tambarare, hupoa na kuutua. Mto hujaa mchanga, kina hupungua, na mvua kubwa za Mpwapwa zinaweza kuifurikisha Kilosa hata kama mjini kwenyewe kumekauka. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliwaacha maelfu ya watu bila makazi na kuzoa reli kati ya Kilosa na Gulwe.

Chini ya mji, Mkondoa huingia uwanda wa Mkata wenye vinamasi, ambako hukutana na maji ya Mto Mkata utokao Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kutoka hapo ni Mto Wami, unaomwaga maji baharini Saadani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kuisimamia Kilosa peke yake hakutoshi. Mpwapwa nako kingo ziachwe na miti yake.